Mvua Inyeshe Milimani, Sisi Tuinue Makochi

Mume wangu akiamka alfajiri, kabla hajabandika maji ya chai, huwa anaangalia kina cha mto. Anaisoma namba kwenye simu, anailinganisha na ya jana usiku, kisha anapanda na ramani kwenda juu hadi Boroughbridge, mji ulio huko mto unakotoka, kuona huko pakoje. Akimaliza ndipo ananisalimia. Wala sinung'uniki, maana kazi hii tumegawana tangu majira yetu ya kwanza ya baridi hapa: yeye ana mto, mimi nina nyumba.

Tunaishi York, kaskazini mwa Uingereza. Ni mji wa watu laki mbili hivi, wenye kuta za kale zilizouzunguka na kanisa kuu, Minster, ambalo unaliona ukiwa bado maili kadhaa nje ya mji. Wageni wanakuja mwaka mzima kupiga picha. Mto Ouse unapita katikati, na mto mdogo uitwao Foss unaungana nao upande wa kusini, chini kidogo ya ngome. Sisi tumepanga Clementhorpe, kwenye safu za nyumba za matofali zilizoshikana ukuta kwa ukuta, mitaa inayoteremka kutoka Bishopthorpe Road kuelekea mtoni. Wanaokaa juu ya mteremko wanalala usingizi wao. Wa chini wanajua namba za mto kwa kichwa. Nyumba yetu iko chini zaidi ya katikati, na kodi yake ndiyo tuliyoimudu.

Kitu ambacho ndugu zangu wa Dar huwa nahangaika kuwaeleza ni hiki: maji yanayoifurika York hayanyeshi York. Kuna siku hapa jua linawaka, anga nyeupe, na mto unapanda. Mvua imenyesha kwenye milima ya Pennines, upande wa magharibi, au theluji ya huko imeyeyuka kwa mkupuo. Inashuka kwa mito mitatu, Swale, Ure na Nidd, na yote hiyo huishia kwenye Ouse kabla haijafika mjini. Eneo linalomwaga maji yake hapa ni kilomita za mraba zipatazo 3,300, na yote yanapita kwenye mfereji mmoja uliobanwa na kuta za mawe na majengo ya watu. Mvua ya Ijumaa kule milimani inatufikia Jumamosi jioni, au Jumapili.

Saa hizo katikati ndizo utajiri wetu. Nalisema hili kwa moyo wote kwa sababu nimekulia Magomeni, na mto niliokua nao ni Msimbazi. Msimbazi ni mto mfupi. Unaanzia vilima vya Pugu, na mvua ikipiga kweli haikupi siku nzima, inakupa saa chache, mara nyingi za usiku. Desemba 2011 mvua ilinyesha Dar es Salaam siku kadhaa mfululizo na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Bonde la Jangwani lilijaa, watu wakapanda juu ya mapaa, na baadaye familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Ninapomwona mume wangu anasoma namba za Boroughbridge huku anafunga vifungo vya shati, nawakumbuka watu wale ambao hawakuwa na cha kusoma.

Lakini mto ni sehemu tu ya majira ya baridi. Siku nyingi hazina mafuriko. Zina giza.

Siku zile fupi kabisa za Desemba jua linachomoza hapa baada ya saa mbili na robo asubuhi na linazama kabla ya saa kumi kasorobo jioni. Mume wangu ni dereva wa basi la mjini. Zamu ya asubuhi anaondoka gizani, na akichukua zamu ya mchana anarudi gizani, kwa hiyo jua analiona kupitia kioo cha mbele cha gari. Mimi nahudumia wazee kwenye makazi yao upande wa Fulford, ng'ambo ya mto. Serikali ya huku inashauri kila mtu afikirie kumeza vitamini D mikrogramu 10 kwa siku kuanzia vuli hadi mwisho wa baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Kichupa kiko mezani kando ya chumvi. Tunakumbushana. Ndoa yetu huku imejaa vitu vidogo vya namna hiyo: umekunywa kidonge, umechukua glavu, simu ina chaji?

Yeye ni mtu wa Njombe. Baridi kwake ni jambo la Juni na Julai, la sakitu juu ya majani asubuhi na watu wamejifunga mablanketi mabegani. Anaweza kukaa sebuleni na sweta moja akasema nyumba ina joto. Mimi wa Magomeni kwa nyuzi kumi na saba nimeshavaa soksi mbili. Joto la nyumba linatoka kwenye boila ya gesi inayochemsha maji na kuyazungusha ndani ya redieta, na kila ukiwasha unalipia. Tulikaa tukakubaliana: iwake kwa muda wa saa moja na nusu asubuhi, muda wa saa tatu jioni, na katikati kila mtu na blanketi lake. Usiku chupa ya mpira ya maji ya moto inatangulia kitandani. Chakula nacho kinasaidia. Sembe tunaifuata Leeds, nusu saa kwa treni. Mboga tunanunua sokoni hapahapa mjini, na sukuma wiki ya huku nitaisifia popote: ikishapigwa na sakitu inakuwa tamu kuliko ya kiangazi. Ugali, sukuma, maharage yaliyolala yakaungwa upya. Shida inakuja tukikaanga dagaa, kwa sababu madirisha yamefungwa na harufu inakaa hadi Jumatano.

Na madirisha ndiyo kazi yangu. Nilisema mimi nina nyumba. Nyumba ya matofali ya zamani, karibu na mto, wakati wa baridi, adui wake wa kila siku ni unyevu, tena adui huyu anaingia hata mwaka ambao mto umetulia. Unapumua, unapika, unaoga, unaanika nguo ndani kwa sababu nje hazikauki tangu Novemba. Mvuke wote huo unakwenda kutua kwenye ukuta ulio baridi kuliko zote. Asubuhi vioo vinatiririka. Usipofuta, wiki mbili baadaye kona ya nyuma ya kabati ina vidoa vyeusi vya kuvu, na kuvu ikiingia kifuani mwa mtu mwenye pumu ni hatari kweli. Kwa hiyo kila asubuhi nafuta vioo kwa taulo, nafungua madirisha dakika kumi, baridi iingie itakavyo, kisha nafunga. Kabati nimeliacha wazi kwa nyuma upana wa kiganja. Tuna mashine ya kukausha hewa inayonguruma kwenye ngazi, na ndoo yake naimwaga kabla ya kwenda kazini. Ukiiona imejaa ndipo unaelewa ni maji kiasi gani watu wawili wanayatoa hewani kwa usiku mmoja.

Mto ukianza kupanda, mji unakuambia kwa hatua, na hatua hizo kila mtu wa huku anazijua. Kwanza King's Staith, gati la zamani katikati ya mji, maji yanapanda juu ya mawe. Pale kuna baa inaitwa Kings Arms ambayo imefurika mara nyingi mno kiasi kwamba ndani ina alama za vimo vya mafuriko, mwaka baada ya mwaka. Wanafunga, wanasubiri, wanaosha, wanafungua. Halafu njia za kando ya mto. Halafu Terry Avenue, barabara yetu ya chini, inageuka kuwa sehemu ya mto. Halafu Rowntree Park.

Rowntree Park ni bustani ambayo kampuni ya chokoleti ya Rowntree iliupa mji mwaka 1921 kwa kumbukumbu ya wafanyakazi wake waliokufa na kuathirika katika Vita Kuu ya Kwanza. Wakati wa kiangazi ni mahali pa watoto na pikiniki. Wakati wa baridi malango yanafungwa na mabata bukini wanaogelea kwenye viwanja vya tenisi. Mtu mgeni anaona ni maafa. Lakini maji yaliyo bustanini ni maji ambayo hayapo barazani kwa mtu, na mimi nikiyaona pale moyo unatulia kidogo.

Kwangu hatua inayoniuma ni daraja. Kwenda kazini navuka kwa mguu Millennium Bridge, daraja la waenda kwa miguu na baiskeli lililofunguliwa mwaka 2001. Daraja lenyewe liko juu, halipati maji. Njia za kulifikia ndizo zinazozama, basi linabaki limesimama peke yake katikati ya maji. Siku hizo nazunguka hadi Skeldergate Bridge na kurudi chini upande wa pili, kwa hiyo naondoka mapema sana. Tower Street nayo ikiingia maji, basi la mume wangu linapelekwa njia nyingine na foleni inashika mji mzima. Tunapeana habari kwa ujumbe mfupi: "Skeldergate iko wazi." "Usipite New Walk." Hizo ndizo barua zetu za mapenzi za Januari.

Jirani yetu wa mkono wa kushoto ni bibi aliyekuja kwenye mtaa huu akiwa bibi harusi. Amepita miaka themanini. Siku tulipohamia alinikaribisha chai, nikaona soketi za umeme jikoni kwake ziko usawa wa kiuno changu, zote, hakuna hata moja chini. Sakafu ni vigae, mazulia hakuna. Makabati yana miguu ya chuma. Akanieleza mwenyewe, bila haraka, mwaka 2000 ulivyokuwa. Novemba ya mwaka huo Ouse ilipanda mita 5.4 juu ya kiwango chake cha kawaida cha kiangazi, kimo ambacho hakikuonekana tangu karne ya 17. Kwake maji yaliingia. Yalikaa siku chache, lakini kuta zilikunywa, na ilichukua miezi mingi hadi kukauka. Alinionyesha fremu ya mlango wa jikoni, mstari wa penseli chini ya rangi nyeupe. Alipaka rangi juu yake kwa makusudi nyembamba, ili uendelee kuonekana.

"Ukijua yanakuja, unaokoa picha," aliniambia. "Usipojua, unaokoa roho tu."

Nikamuuliza kuhusu 2015, maana hiyo naisikia kila mahali. Huo si mkasa wa Ouse peke yake, ni wa Foss. Foss ni mto mdogo, na Ouse ikijaa inausukuma urudi nyuma hadi uingie majumbani. Baada ya mafuriko ya 1982 walijenga kizuizi, lango kubwa la chuma ambalo hushushwa kuitenga mito hiyo miwili, pamoja na pampu za kuyachota maji ya Foss na kuyamwaga kwenye Ouse. Kilianza kazi mwaka 1987, na kwa miaka karibu thelathini kilifanya kazi. Tarehe 26 Desemba 2015, siku ya pili ya Krismasi, Foss ilileta maji mengi kuliko pampu zilivyoweza kumeza, na maji yakaanza kuingia kwenye jengo lenye mitambo ya umeme. Wakala wa Mazingira wakaamua kuliinua lango kabla umeme haujakatika likakwama. Nyumba na biashara zaidi ya 600 ziliingia maji, Huntington Road, Foss Islands, pande za Walmgate. Kituo cha simu cha mjini kikafurika pia, mitandao ikakatika, mashine za kutolea fedha zikazima. Wanajeshi wakaja, na boti za waokoaji zikapita mitaani.

Tangu hapo pampu na jengo vimeboreshwa kwa gharama kubwa. Serikali ilitenga pauni milioni 45 kwa kinga nyingine za mji, na upande wetu wa Clementhorpe nao umejengewa ukuta. Naushukuru ukuta ule. Lakini kinachobaki kichwani mwangu kuhusu Desemba ile ni muda. Watu wa kando ya Foss waliamini lango, na lilipoinuliwa jioni ile saa zao zilikuwa chache mno, giza limeshaingia, wengine wako mezani na wageni wa sikukuu. Ukuta una kimo chake na mtambo una siku yake. Saa ulizopewa mapema, ukizitumia, hakuna anayeweza kukunyang'anya.

Sisi tulizitumia Februari moja. Dhoruba zilikuwa zimepishana wiki nzima, milima imelowa haipokei tena tone, na simu zote mbili zikalia kwa pamoja ujumbe wa Wakala. Kuna ngazi tatu za ujumbe: wa kwanza unasema mafuriko yanawezekana, jiandae, wa pili unasema yanatarajiwa, chukua hatua, wa tatu unasema kuna hatari kwa maisha. Wetu ulikuwa wa pili.

"Imeshapita mita nne," mume wangu akasema.

"Kilele lini?"

"Kesho saa sita mchana, wanavyokadiria. Lakini Swale bado inapanda."

"Basi tuanze na chini kabisa. Wewe mlango, mimi jiko."

Alileta ubao wa kuzuia maji kutoka stoo, ule wa alumini unaoteleza kwenye reli mbili za mlangoni, akaufunga kwa skrubu hadi mpira wake ukabanwa. Akatoka nje na vifuniko vya matofali yale yenye matundu, yanayopitishia hewa chini ya sakafu. Maji yanapenda kuingia hapo kuliko mlangoni. Mimi niliziba choo cha chini kwa kizibo maalumu, kwa sababu mafuriko yakizidi maji machafu yanapanda kwa njia ya bomba la choo, na hilo ndilo balaa kuliko yote. Mchele, unga na viungo vikapanda juu. Pasipoti, vyeti na mkataba wa nyumba vilikuwa tayari ndani ya begi lake, linakaa kwenye msumari juu ya ngazi msimu mzima. Makochi hayapiti ngazi zetu, ni nyembamba, kwa hiyo tukayainua juu ya kreti nne nne. Jirani wa kulia aligonga akauliza nani anapeleka gari Scarcroft, kwenye mwinuko, akachukua funguo za watu watatu kwa mpigo.

Kisha tukaenda kwa bibi. Alikuwa ameshavaa koti, ameketi ngazi ya tatu, na mezani ameweka albamu za picha zimefungwa kwa kamba. Hakuwa na hofu hata chembe. "Hizo kwanza," akasema, "televisheni baadaye." Mume wangu akazipandisha zote. Nilimwita mama siku ile kwa Kiswahili, limenitoka tu, naye akaitika.

Maji yalisimama chini ya mtaa. Jumapili alasiri namba ikaanza kushuka, sentimita kwa sentimita. Hatukuharakisha kushusha makochi, tukalia chakula jikoni kwa kusimama, sahani juu ya friji. Mama alipiga kutoka Magomeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeona kwenye taarifa. Si mhame huko?"

"Mtaa wa juu kodi hatuiwezi, mama. Na huku tunaambiwa mapema."

Akanyamaza kidogo, akasema, "Sisi hapa tungeambiwa hata saa sita kabla, baba yako asingepoteza cherehani zake." Mzee wangu alikuwa fundi cherehani. Sina jibu kwa maneno hayo, na sitaki kulitafuta la haraka. Msimbazi hautageuka kuwa mto mrefu. Lakini vipimo vya mvua na vya kina cha mto, na ujumbe unaofika kwenye simu ya kawaida ya mama ntilie, vinawezekana katika mji wowote. Dar inastahili hivyo kama York inavyostahili.

Huku nako kazi haijaisha, na sehemu yake kubwa iko mbali na mto. Zamani wakulima wa milimani walipewa ruzuku wachimbe mitaro kwenye ardhi ya mboji, udongo wa mimea iliyooza, wapate malisho. Mboji ile ikiwa nzima inafyonza mvua mithili ya dodoki na kuiachia taratibu. Ikichimbwa mitaro, mvua inashuka yote kwa mkupuo. Sasa watu wanaiziba mitaro hiyo na kupanda miti kwenye miteremko. Wanaofaidika wako kilomita nyingi chini, kwenye mitaa kama yetu, na wengi wao hata hawajui majina ya vijiji hivyo. Mume wangu anataka kiangazi tukapande kule tukaione kazi yenyewe. Nimekubali.

Maji yakishatoka bustanini yanaacha tope laini la kahawia, linanuka, linateleza, na limejaa vitu ambavyo hutaki viguse mkono wako. Watu wa mtaa wanajitokeza na glavu, makoleo na mifagio. Sisi huwa tunaenda zamu zikituruhusu, na hapo ndipo tulipofahamiana na nusu ya majirani zetu.

Nimalizie kwa wale wanaoniandikia kwamba wanakuja York kusoma au kufanya kazi. Mnafika Septemba, mto uko chini, bustani imejaa watoto, na nyumba za karibu na maji zinavutia. Kabla ya kusaini, weka msimbo wa posta wa nyumba kwenye ramani ya mafuriko ya serikali uone. Muulize wakala wa nyumba kama maji yaliwahi kuingia na mwaka gani, kisha nenda kagonge mlango wa jirani mzee umuulize swali hilohilo. Tazama soketi ziko kimo gani. Kata bima ya vyombo vyako hata kama umepanga, na uhakikishe mafuriko yamo. Jiandikishe kupokea ujumbe wa tahadhari, ni bure, na mwenzako naye ajiandikishe kwa simu yake, kwa sababu mmoja wenu atakuwa zamu siku simu itakapolia.